Miti adimu ya Tao la Mashariki na joto linaloongezeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu misitu ya Tao la Mashariki, yaani milima inayoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania, pamoja na misitu ya pwani iliyo chini yake. Yameandikwa kwa ajili ya wanaoishi kando ya misitu hiyo, walimu, wanafunzi, na yeyote anayejiuliza miti yake itakwenda wapi hali ya hewa ikibadilika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: miti hii ina uwezo wa kuhama, na imewahi kuhama. Tatizo kubwa ni kwamba tumeikatia njia.

Mti una mizizi. Unahamaje?

Mti mmoja mmoja hauhami. Jamii yake ndiyo inayohama, kizazi baada ya kizazi. Mbegu hubebwa na ndege, wanyama, upepo au maji, zikaangukia huku na kule. Zinazopata joto na unyevu unaozifaa hukua, zilizobaki hufa zikiwa miche. Kwa hiyo anayetaka kujua msitu unaelekea wapi asiangalie juu kwenye matawi ya miti mikubwa, ainame atazame miche.

Mti mzee unaweza kusimama miaka mia na zaidi mahali ambapo mtoto wake hawezi tena kuishi. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Unaingia msituni, unakuta kila kitu kibichi na kimetanda, kumbe spishi fulani iliacha kuzaa zamani. Mkulo (Ocotea usambarensis) unatufundisha jambo hili vizuri. Mbegu zake huharibiwa sana na wadudu, na mara nyingi hujirudishia kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya mti mama. Machipukizi ya namna hiyo hayaendi mbali. Mti unaojizaa kwa mizizi unabaki ulipo, hata kama pale ulipo pameanza kuwa pa moto.

Ni miti ipi inayozungumziwa?

Ni mingi, na baadhi haina jina la Kiswahili linalojulikana na watu wengi. Nitaje michache. Mkulo, uliopasuliwa mbao kwa miongo mingi Usambara na Kilimanjaro. Msambu (Allanblackia stuhlmannii), wenye matunda makubwa na mbegu za mafuta, unaopatikana Tanzania tu. Coffea fadenii, ndugu wa kahawa anayeota porini kwenye Vilima vya Taita. Tessmannia princeps, mti wa Udzungwa unaofikia mita 40 kwenda juu, ambao ulipewa jina la kisayansi mwaka 2025 tu. Hebu fikiria: mti mrefu hivyo, katika nchi iliyofanyiwa utafiti wa mimea kwa zaidi ya karne, na bado ulikuwa haujaandikwa kokote. Upande wa pwani ipo Karomia gigas na Erythrina schliebenii, ambazo nitazirudia hapo chini.

Kilimanjaro si sehemu ya Tao la Mashariki, kwani ni mlima wa volkano na ni mchanga zaidi kwa umri. Nautaja kwa sababu misitu yake ina spishi nyingi zinazofanana na za Tao, na kwa sababu mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, Entandrophragma excelsum wa mita 81.5, umesimama kwenye bonde moja la mlima huo. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2016.

Nyuzi moja au mbili za joto zina uzito gani kwa mti?

Ukipanda mlima, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za sentigredi kila mita 100. Geuza hesabu hiyo: joto likiongezeka kwa nyuzi moja, mti unaotaka kubaki katika hali ileile ya hewa inabidi jamii yake ipande karibu mita 170. Dunia tayari iliongezeka joto kwa takriban nyuzi 1.1 kati ya nusu ya pili ya karne ya 19 na muongo wa 2011 hadi 2020.

Sasa tazama milima yenyewe. Amani, huko Usambara Mashariki, iko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, na vilele vya Usambara Mashariki vinaishia karibu mita 1,500. Spishi inayoishi kati ya mita 900 na 1,200 ina nafasi ya kupanda, lakini ndogo. Inayoishi kileleni haina mahali pa kwenda. Isitoshe, mlima hupungua upana kadiri unavyopanda, kwa hiyo kila hatua ya kwenda juu ni hatua ya kuingia kwenye eneo dogo zaidi, lenye wapangaji wake tayari. Uluguru na Udzungwa zina nafuu, maana zinapita mita 2,500. Taita inafika mita 2,208 pale Vuria, ila msitu wa asili uliobaki huko ni vipande vidogo kama Ngangao, Mbololo na Chawia, vilivyozungukwa na mashamba pande zote.

Je, kuna ushahidi kwamba miti imeanza kuhama, au ni makisio tu?

Ushahidi upo, ingawa ulio wazi zaidi umetoka nje ya eneo letu. Kwenye milima ya Andes nchini Peru, watafiti waliopima viwanja vilevile vya msitu kwa miaka kadhaa walikuta miti ikipanda kwa wastani wa mita 2.5 hadi 3.5 kwa mwaka. Walichapisha matokeo mwaka 2011. Kasi hiyo inaonekana kubwa, lakini walihesabu kuwa joto la eneo lile linaidai miti ipande kwa kasi zaidi. Maana yake inapanda huku inaachwa nyuma.

Kusini mwa Afrika kuna Aloe dichotoma, mshubiri mkubwa wa jangwani unaokua kama mti nchini Namibia na Afrika Kusini. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha inakufa zaidi upande wa kaskazini wa eneo lake, ambako ndiko karibu na ikweta na kuna joto zaidi, ilhali upande wa kusini ina afya. Hata hivyo hakukuonekana dalili ya miti michanga kuvuka kwenda kusini zaidi. Picha hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu inaonyesha jinsi jambo hili linavyokwenda kwa kweli: kifo hutangulia upande mmoja, na uzazi upande wa pili unachelewa au hauji kabisa.

Mibuyu nayo ilitushtua mwaka 2018, ilipotangazwa kuwa kati ya mibuyu 13 mizee kuliko yote iliyopimwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake za zamani zimeanguka tangu mwaka 2005. Watafiti walishuku mabadiliko ya tabianchi, ila hawakusema wamethibitisha. Nami nakiacha hapo hapo walipokiacha.

Kilimanjaro barafu inaisha. Basi msitu utapanda kuchukua nafasi yake?

Ungetegemea hivyo, lakini imetokea kinyume. Mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro umeshuka, na aliyeushusha ni moto. Hali ilipozidi kuwa kavu, moto ukawa mwingi na mkali, ukala miti ya Erica iliyokuwa ukanda wa juu kabisa wa msitu, na mahali pake pakaota vichaka vifupi. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 watu wengi bado wanaukumbuka.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu huchora mshale mmoja tu, joto linapanda, miti inapanda. Mshale wa moto unaelekea chini. Na msitu ule wa juu ulikuwa unanasa ukungu: matone yanajikusanya kwenye majani na ndevu za miti, yanadondoka, yanaingia ardhini, yanatokea kwenye mito. Ukiungua, maji hayo hayanaswi tena.

Ukungu una umuhimu gani kuliko mvua?

Kwenye misitu ya mawingu, ukungu ndio unaookoa maisha ya mimea miezi ya kiangazi. Upepo unatoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu, unagonga mlima, unapanda na kupoa, wingu linazaliwa. Hewa ikiwa na joto zaidi, wingu hujiunda juu zaidi. Mti uliozoea kulala ndani ya ukungu unajikuta chini ya wingu badala ya ndani yake.

Kuhusu mvua, majibu si rahisi. Baada ya miaka ya 1980 masika yalipungua kwa miongo kadhaa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, huku modeli nyingi za tabianchi zikisema eneo letu litapata mvua zaidi siku zijazo. Wanasayansi wenyewe wanakiri mgongano huo. Kwa mti mchanga, hata hivyo, jumla ya mvua ya mwaka si kitu kama mvua haiji wakati mbegu imeota. Mbegu za msambu zinaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuchipua. Ukame mmoja mbaya katikati unatosha kuharibu mavuno ya mbegu ya mwaka mzima.

Milima hii ni ya kale sana na imevuka enzi za barafu. Kwa nini isivuke na hili?

Hili ni swali zuri na lina jibu lenye matumaini ndani yake. Chavua ya kale iliyohifadhika kwenye udongo wa kinamasi huko Udzungwa, yenye kumbukumbu ya makumi ya maelfu ya miaka, inaonyesha kwamba msitu ulidumu pale hata dunia ilipokuwa na baridi kali na sehemu nyingine za Afrika zikakauka. Unyevu wa Bahari ya Hindi uliulinda. Ndiyo sababu kuna spishi nyingi hapa zisizopatikana kwingine kokote: hazikuwahi kufukuzwa.

Kipindi kile, hata hivyo, mabadiliko yalichukua maelfu ya miaka, na msitu ulikuwa umeungana. Mbegu iliyoanguka bondeni ilikuwa na msitu juu yake, pembeni yake na chini yake. Leo kati ya kipande kimoja na kingine kuna chai, mahindi, mikalitusi, barabara na vijiji. Na mabadiliko yenyewe yanahesabiwa kwa miongo.

Miti ya pwani isiyo na mlima itakwenda wapi?

Hapa ndipo penye uchungu. Misitu ya pwani, kuanzia kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa Kenya, hadi vichaka vya Kilwa na Lindi, iko kwenye ardhi ya chini. Shimba Hills zenyewe hazizidi mita 450 hivi. Kupanda hakuwezekani. Kilichobaki ni kusogea kando, na kando kuna mashamba ya mikorosho, mkonge, hoteli na miji inayokua.

Karomia gigas ilidhaniwa imetoweka, mpaka mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoikuta tena upande wa Kilwa, miti michache tu. Mbegu zake nyingi huharibiwa na kuvu, na ilichukua juhudi kubwa ya Watanzania pamoja na wenzao wa Missouri Botanical Garden, Marekani, hadi kupata miche. Erythrina schliebenii nayo iliwahi kuandikwa kuwa imetoweka duniani, kisha ikaonekana tena kusini mwa Tanzania. Kwa miti kama hii, iliyobaki mahali pamoja au pawili, ukame wa misimu miwili mfululizo au moto mmoja wa kuandaa shamba unaweza kumaliza kilichobaki kabla joto la miaka hamsini halijafika. Kaya zimefanikiwa kulinda miti adimu kwa sababu wazee waliweka miiko na watu wakaiheshimu. UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Lakini kaya nyingi ni ndogo, na mwiko hauzuii kiangazi.

Modeli za kompyuta zinazochora ramani za siku zijazo zinaaminika?

Kwa kiasi. Modeli huchukua mahali ambapo mti umeonekana, ikaangalia joto na mvua ya pale, kisha ikatafuta mahali penye hali hiyo miaka ijayo. Mfano unaojulikana sana ni wa kahawa ya arabika ya porini, ambayo ni mti wa misitu ya Ethiopia na nyanda za Boma, Sudan Kusini. Mwaka 2012 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na wenzao wa Ethiopia walikadiria kuwa ifikapo 2080 maeneo yenye hali ya hewa inayoifaa yatapungua kwa asilimia 65 mambo yakienda vizuri, na kwa zaidi ya asilimia 99 yakienda vibaya. Pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa, na hilo pengo ndilo la kuzingatia, maana linategemea binadamu watachoma mafuta kiasi gani.

Kwa mti adimu modeli inadhoofika zaidi. Ukiwa na sehemu tatu tu ulipoonekana mti, kompyuta haina cha kujifunza. Pengine mti uko sehemu hizo tatu kwa sababu kwingine kote ulikatwa, wala si kwa sababu ya joto. Tena modeli nyingi haziulizi nani atabeba mbegu. Ramani inaweza kupaka kijani mlima wa pili, wakati kati yake kuna tambarare kavu ya kilomita hamsini.

Nani hubeba mbegu, basi?

Hondohondo, popo wa matunda, kima, na wengine wadogo. Mbegu nzito za msambu huchukuliwa na panya buku, ambaye huzifukia akiba na kusahau baadhi. Mnyama huyo watu humdharau au humtega, kumbe ndiye anayepanda msambu. Hondohondo anaruka mbali, anavuka mashamba, na ndiye tumaini kuu la miti yenye matunda ya kumezwa.

Lakini hondohondo hachagui mti kwa uzalendo. Usambara Mashariki, musizi (Maesopsis eminii), mti wa Uganda na magharibi mwa Tanzania ulioletwa Amani enzi za Wajerumani, ulisambazwa na ndege haohao ndani ya misitu iliyofunguliwa na ukataji wa magogo. Penye msitu uliofunga haukupata nafasi kubwa. Msitu uliotobolewa hupokea wageni wa haraka kwanza, na wenyeji wa taratibu hukosa mwanga na nafasi.

Kwa nini tusiichukue miche tukaipande juu zaidi wenyewe?

Wapo wanaopendekeza hivyo, na kwa miti iliyobaki michache kabisa ninaunga mkono, kwa masharti. Mbegu zitoke kwenye miti mama mingi iwezekanavyo, mahali pa kupanda pawe palipoharibiwa tayari na si msitu mzima, na kuwe na mtu wa kupalilia na kuhesabu miche kwa miaka mingi. Miche mingi hufa baada ya picha za uzinduzi kupigwa. Kuhamishia spishi mlima mwingine kabisa ni jambo jingine. Uluguru ina miti yake isiyopatikana kwingine, na hatujui mgeni kutoka Usambara ataifanyia nini. Musizi ulianza kwa nia njema pia.

Benki ya mbegu haitoshi?

Kwa spishi za nchi kavu inasaidia sana. Kwa miti mingi ya msitu wa mvua haifai, kwa sababu mbegu zake hufa zikikaushwa. Njia yake ni bustani za mimea, vitalu na msitu wenyewe.

Kupanda miti yoyote ile si kunasaidia tabianchi?

Hapana. Mikalitusi na misindano ina faida zake kwa mbao na nguzo, na mkulima ana haki ya kuipanda shambani kwake. Isiitwe urejeshaji wa msitu. Msitu wa milimani wa Afrika ulio mzima unahifadhi kaboni nyingi: kipimo cha mwaka 2021 kilipata wastani wa karibu tani 149 kwa hekta katika miti yake. Kuulinda usikatwe ni rahisi na kuna faida ya haraka kuliko kupanda upya penye jangwa la vumbi. Kule Taita tayari kuna sehemu ambako misindano inaondolewa kidogo kidogo ili miti ya asili irudi katikati ya vipande vya msitu, na hiyo ndiyo kazi ninayotamani kuiona kila mahali.

Ushoroba wa misitu ni nini, na watu wanaokaa humo je?

Ni kipande cha msitu kinachounganisha misitu miwili ili mbegu, ndege na wanyama wapite. Mfano wa Usambara Mashariki ni Derema, unaounganisha misitu ya Amani na iliyo kaskazini yake. Kwa mtazamo wa miti ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa wakulima waliokuwa wakilima iliki chini ya miti hiyo ulikuwa pigo, kwani iliki ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto, na fidia iliwafikia kwa awamu katika miaka ya 2000 huku malalamiko yakiwa mengi.

Siamini kwamba ushoroba utadumu ukijengwa juu ya hasira. Zipo njia nyingine. Misitu ya hifadhi ya vijiji, inayotambuliwa na Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, inamilikiwa na wanakijiji wenyewe; Tessmannia princeps imeonekana kwenye misitu ya namna hiyo. Vihamba vya Wachaga, vyenye migomba, kahawa na miti mirefu ya kivuli, vinampa hondohondo mahali pa kutua. Shamba la namna hiyo si msitu, lakini mbegu inaweza kupitia humo.

Nina shamba jirani na msitu. Nianzie wapi?

Anza na ulichonacho. Mti wa asili uliosimama shambani, hasa wenye matunda, uache usimame. Una thamani kuliko miche mia. Miche iliyoota yenyewe chini yake izungushie vijiti mbuzi wasiile. Kando ya kijito acha mikuyu. Moto wa kuandaa shamba ndio adui mkubwa wa miche kwenye ukingo wa msitu, kwa hiyo safisheni barabara ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, na mkubaliane na majirani siku za kuchoma, au bora msichome kabisa. Warina asali watumie mizinga ya kisasa na vifukizo, si mienge.

Kama ardhi yako iko katikati ya vipande viwili vya msitu, hata mstari mwembamba wa miti una maana. Uliza ofisi ya wilaya ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), au ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) ukiwa Kenya, kama wana miche ya asili. Wakikupa mikalitusi peke yake, uliza tena.

Nimekuta mti nisioufahamu. Nifanye nini?

Usiukate wala kuung'oa mche. Piga picha za jani pande zote mbili, ua, tunda, gome na mti mzima. Andika mwinuko, maana simu nyingi huonyesha, na tarehe uliyouona na ua au tunda. Waulize wazee wa pale jina lake na matumizi yake, uandike kama walivyotamka. Kisha peleka kwa wataalamu wa mimea: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkusanyiko wa taifa wa mimea ulioko Arusha, au ule wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ambao asili yake ni Amani, ulianza huko mwaka 1902. Mahali halisi pa mti usipatangaze mitandaoni. Mti wenye mbao nzuri ukijulikana ulipo, wenye misumeno hufika kabla ya wataalamu.